Mtani Wangu Kaleta Kiti cha Bosi Kwenye Kiwanda Changu cha Korosho

Anti Wahiba, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi maana nimejikaanga mwenyewe, mie nina kiwanda kidogo cha kukaanga na kufungasha korosho huku Chamazi, kilianza na karai la mke wangu Flaviana, sasa maduka makubwa yananitafuta, ila hela ya mashine ya pili sikuwa nayo na benki wakakataa kuniongezea kwa kuwa nyumba na mashine ya kwanza wameshavishika dhamana, ndipo akatokea Demetria, mama mwenye pesa zake, kabila lake na langu ni watani tangu enzi za mababu, yaani akija kiwandani anachota korosho kwa kofia yangu mwenyewe na siruhusiwi kununa, basi akasema atanipa mkopo wa kati, wenyewe wanauita mezanini, hataki dhamana, ila riba yake kubwa kuliko ya benki, benki ilipwe kwanza yeye baadaye, na nikikosa riba misimu miwili deni lote linageuka hisa, theluthi ya kiwanda inakuwa yake na mie namwita bosi. Anti, nilicheka mpaka nikapaliwa! Mtani si ndivyo anavyosemaga? Kwenye msiba wa baba aling'ang'ania jeneza, eti hatuziki mpaka alipwe. Nikamjibu, "Chukua na mke!" nikasaini huku nacheka, mwanasheria akagonga muhuri, yeye hakucheka. Sasa korosho ghafi zimepanda bei, riba ya msimu uliopita sijalipa, ya msimu huu mwisho Jumamosi, na jana Demetria kaleta kiti chake, kile cha kuzunguka, kakiweka karibu na mashine. Flaviana haongei na mie. Ndiyo kiwanda kinakwenda hivihivi?

Valerian, Chamazi

Marahaba, Valerian. Pole, sasa ngoja nikuseme. Utani ni wa msibani, mbele ya muhuri hakuna mtani. Mtu mzima unasainije mkataba umepaliwa?

Demetria hajakuibia. Benki wameshika nyumba yako, yeye hajashika kitu, ndiyo maana riba yake inauma na ndiyo maana akataka hisa. Chukulia pilau ya shughuli: benki wanapakuliwa kwanza, Demetria anafuata, wewe mwenye shughuli unakwangua ukoko. Kiwanda kikifa leo, benki watabeba mashine, yeye atabeba kiti chake. Anaogopa usije ukafilisika kuliko unavyoogopa wewe, mjinga wee!

Kwa hiyo mfuate, usingoje aje. Vaa shati lenye vifungo na usicheke. Mwonyeshe oda za maduka, umwombe ulipe nusu ya riba sasa, nusu iongezwe kwenye deni uilipe mwishoni, mashine ya pili ikishajilipa. Wakopeshaji wa namna yake hukubali wakiona mtu ana akili. Akikubali, muandikishane kwa mwanasheria yuleyule asiyecheka. Akikataa, mpe theluthi yake kwa heshima. Deni lake limekwisha, na theluthi mbili bado zako.

Flaviana muombe radhi leo hii, kabla ya kwenda kwa Demetria. Karai lilikuwa lake, na hisa hujampa hata moja.

Kuhusu kofia, usihangaike. Mtani huchota mali ya mwenzake. Siku Demetria akiwa mwenye hisa, atakuwa anachota mali yake mwenyewe, na utamwona anavyokurudishia kofia yako ikiwa tupu.