Uso Wako Kwenye Bango la Mlandizi

Kaka yangu Profesa,

Shikamoo huko uliko. Najua utashangaa kuandikiwa na mimi, mdogo wako niliyefeli jiografia kwa kuchora mto unaopanda mlima. Ulicheka wiki nzima, ukaniambia, "Wewe kauze misumari." Nikauza. Duka bado lipo hapa Mlandizi; kinachokua ni kitambi tu.

Unakumbuka masika ile uliponichukua kwenda Msimbu nikushikie futi ya kupimia? Ulikuwa unaandaa mpango wa mji mahiri. Wenzako walizungumzia kamera na taa zinazojiwasha zenyewe. Wewe ukashuka kwanza bondeni, kisimani. Ukaanza maswali yako ya kisomi, Bi Mwanahawa, mkubwa wa kina mama waliokuwa wakichota, akakukatisha: "Profesa, chota kwanza, utauliza baadaye. Hapa anayekuja huwachotea aliowakuta." Ukachota, msomi mzima, ukalowa mpaka soksi. Wale kina mama walivyokucheka! Njiani ukasema, "Mji usiojua maji yake yanatoka wapi ni mjinga mwenye umeme." Kwenye mchoro wako bonde likaachwa wazi. Zahanati na soko ukaviweka Msimbu na Marui, ili watu wasikimbilie Dar kwa kila kitu.

Sasa sikia. Juzi juzi Bi Mwanahawa kanipigia: "Mwanangu, ni kweli marehemu kaka yako aliridhia kisima chetu kifukiwe?"

Nikatoka hadi barabarani kulitazama bango alilolitaja. Nikakukuta kwenye bango, umevalishwa tai, unatabasamu, na ubavuni mwako hoteli imekaa juu ya lile bonde. Chini wameandika: "Ndoto ya Profesa." Kamera na taa wamezibakiza. Zahanati na soko vimeyeyuka. Kaka, nilisikia kinyaa kama niliyetafuna nzi.

Nikawafuata wenye mradi ofisini kwao Kibaha. Kijana mmoja nadhifu akanikaribisha kiti na maji ya chupa.

"Mzee wangu, tumeona tumuenzi Profesa."

"Kwa kufukia kisima?"

"Wanakijiji wanamwamini, mzee. Wakiona sura yake, mkutano wa kuupitisha mpango utakwenda vizuri."

Alilisema hilo huku anatabasamu, kama mtu anayenisifia shati. Kukusahau ningewasamehe, hata mimi nasahau mengi. Lakini kukufanya chambo cha watu waliokuamini! Maji yao nikayaacha mezani.

Nikachukua ngazi dukani, nikalipanda bango mwenyewe. Ungeniona ungekufa mara ya pili kwa kicheko. Vijana wa bodaboda wakapiga mayowe: "Mzee, shuka, ngazi inalia!" Nikakubandua kipande kwa kipande. Tai ndiyo iliyokuwa ngumu kutoka.

Kwenye mkutano huo, kijijini Msimbu, nikasimama, mimi nisiyejua kuhutubia. Nikawaambia maneno machache tu: kaka yangu aliliacha bonde hili wazi, na anayesema vinginevyo anamsingizia maiti. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono mpango. Bi Mwanahawa akaikunja mikono yake kifuani, na wengine wakafuatia; hakuna hata mmoja aliyenyoosha.

Sikudanganyi kwamba yamekwisha. Malori ya kifusi bado yameegeshwa njia ya kuingilia bondeni, na kinyaa changu kipo palepale. Ila wakitaka kuingia, safari hii wataingia kwa jina lao.

Pumzika, kaka. Huku tutabanana nao.

Mdogo wako, muuza misumari