Baba, Umeme Ukirudi Tutajua

Kwako baba yangu uliyelala Ujiji,

Shikamoo mzee. Umeme umekatika hapa Kasingirima, na baba mdogo amekaa mlangoni pa karakana yetu, gunia mkononi. Ile mashine ya kuchomelea uliyoiacha nusu, nimemaliza kuisuka waya za shaba mimi. Ndiyo, mimi, niliyeshindwa na kidato cha pili. Umeme ukirudi ikachoma, karakana inabaki kwangu. Isipochoma, shaba yako yote inaingia kwenye gunia ikauzwe, na chumba kinapangishwa. Mama amekubali. Naogopa, ila usimwambie mtu. Mtaani najiita injinia.

Unakumbuka uliponionyesha koili mbili, zile waya za kuzungusha, kwenye chuma kimoja? Nikakucheka. "Mzee, hazigusani hizi! Umeme utaruka kama chura?"

"Hauruki. Umeme ukibadilika kwenye koili hii, sumaku ya kwenye chuma inabadilika, na ile nyingine inaamka."

Sikuamini. Ukaleta betri ya taa za kuvulia dagaa kutoka Kibirizi. Nikajigamba kwamba hiyo kila mvuvi anaishika na mikono ya maji, itanifanya nini mimi? Ukasema, "Basi shika ncha zote mbili za koili." Ukaunga betri, nikatabasamu. Ukachomoa waya ghafla, nikajikuta nimekalia ndoo ya vanishi.

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Si betri iliyokupiga, ni koili. Umeme ukishazoea kupita humo, ukiukata unagoma. Unasukuma kwa nguvu zote upate pa kupitia. Umekukuta wewe, bwana mkubwa."

Tangu tukuzike niko hivyohivyo, mzee. Asubuhi bado nakuita tunywe uji. Ulikatika ghafla, na mimi bado nasukuma, sijui nielekee wapi.

Umeme umerudi. Subiri.

Haya, nimerudi kukaa. Nilipowasha, mashine ikanguruma vizuri. Nikagusa chuma kwa kijiti cha kuchomelea: kimya, hakuna hata cheche moja. Baba mdogo akasimama. "Umejitahidi, mwanangu. Lete bisibisi tuifungue."

Jasho lilinitoka! Nikazima. Nikaitazama koili ya kutolea umeme, niliyoisuka nusu kwenye mguu huu wa chuma, nusu kwenye mguu ule. Mjinga mimi! Nusu moja nilikuwa nimeiunga kinyume, kila moja inaifuta nguvu ya mwenzake.

"Baba mdogo, dakika moja tu."

"Hata kwenye mtihani ulisema hivyo."

Nikageuza ncha za nusu ile, nikawasha, nikagusa. Paa! Cheche zikafika kwenye viatu vyake. Akajifunika uso kwa kofia. "We mtoto, utanipofua!"

Akalitupa gunia chini, akatoka. Nikadhani amekasirika. Amerudi sasa hivi anaburuta baiskeli yake, keria imekatika.

"Haya, fundi."

Fundi, mzee! Umesikia? Nimemwambia apange foleni, wakati hapa yuko peke yake.

Pumzika, baba. Nina mteja.

Mwanao, injinia wa kujipachika