Ulisema Hatuna Ugonjwa Huo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na mgongo umepoa. Baba naye mpe shikamoo yake. Huku watoto hawajambo, wanakula vizuri na kugombana vizuri. Mimi ni mzima wa kuandika tu, maana kukaa bado ni kazi.

Nianze na habari za hospitali, kwa sababu najua utaambiwa nusu. Ule mshono wa mwanzo, wa kupandisha kizazi, umeachia. Nilikuwa kazini, nimeinama chini ya meza ya cherehani kuokota mkasi, nikasikia uzito umeshuka pale pale pa zamani. Kizazi kimerudi mlangoni, mama, kana kwamba hakuna aliyewahi kukigusa. Nililia mbele ya wateja, na unajua mimi si mtu wa kulia.

Wewe ulisema ni kujitakia. Ulisema nilibeba majora ya vitambaa kama kuli, kwamba baada ya kujifungua sikujitunza, kwamba wanawake wa siku hizi miili yetu ni ya kuazima. Nikameza. Nimemeza mengi, mama, sasa nimeshiba.

Safari hii daktari, mwanamke asiye na haraka, alinikalisha akanieleza. Alisema viungo vya nyonga havielei hewani. Vimeshikwa na tishu, na tishu hizo zimefumwa kwa protini. Kolajeni ndiyo inayozipa uimara, elastini ndiyo inayozirudisha zikivutwa. Wapo wanaozaliwa na kolajeni dhaifu, na mara nyingi jambo hilo hutembea kwenye familia. Uzazi na mizigo huchangia, ila kwa mtu kama mimi vinakuta tishu tayari zimelegea. Nilimwelewa upesi. Walinishona kwa tishu zangu mwenyewe, na uzi mzuri haushiki kitambaa kilichochoka. Nikamuuliza kwa nini walishona hivyo. Akasema mara ya kwanza waliniuliza kama kuna mwenye tatizo hili nyumbani kwetu, nikajibu hakuna. Wangejua, wangefikiria njia nyingine.

Unakumbuka nani alinipa jibu hilo. Nilikupigia simu nikiwa kwenye benchi la kliniki. Ulisema ukoo wetu hauna ugonjwa huo, na niache kukutia aibu, ukakata simu.

Juzi mama mdogo alikuja kunijulia hali. Nilipomsimulia maneno ya daktari aliinamisha kichwa, akavua miwani, kisha akasema yote. Kwamba kizazi kilikushuka tangu ulipomzaa kitinda mimba wetu. Kwamba unakirudisha kwa mkono kila asubuhi, na ndiyo sababu hutaki kugongewa mlango wa bafu. Kwamba bibi naye alikuwa hivyo hivyo hadi alipofariki, na wewe ndiye uliyemuuguza.

Nina hasira na wewe, mama, na sioni haja ya kuipaka asali. Ulijua. Ukaniacha nipasuliwe na kushonwa bure, kisha ukanisema kwa majirani. Aibu yako umeitunza kuliko ulivyonitunza mimi. Bibi alikufa nayo, na wewe ulikuwa umejipangia hivyo hivyo, ukidhani huko ndiko kuvumilia.

Daktari ameniuliza upya habari za familia. Nimemjibu kwamba ni bibi yangu, mama yangu na mimi. Nimeomba akuone siku ya kliniki yangu, naye amekubali. Usipokuja nitakufuata mwenyewe, hivi hivi ninavyojikokota, na njia nzima sitakusemesha.

Nisalimie wote wanaoniulizia. Mama mdogo usimgombeze. Kama ni ugomvi, uje nao kwangu, tukae nao kwenye benchi. Na jina likiitwa, utaingia wewe kwanza.

Ni mimi mwanao,
Fundi