Chumvi katika Kahawa ya Posa

Tanga, 12 Februari 2025

Binti yangu Nusaiba,
Assalaam alaykum. Sisi tu wazima. Goti la mama yako halimsumbui sana. Wewe na shangazi yako mna hali gani hapo Fordsburg, Johannesburg?
Mzee Naseeb amenipigia simu kwa ghadhabu. Alikuja kwenu na mpwa wake Mansour kwa ajili ya posa, nawe ukamnywesha kahawa ya chumvi. Anakuita mchawi. Nieleze.
Baba yako

Johannesburg, 14 Februari

Shikamoo Baba,
Alhamdulillahi, tunaendelea vizuri. Mpe Mama pole.
Chumvi nilitia. Katika tamthilia ya Kituruki tunayoitazama dukani kwa Shangazi, binti anayeposwa humtilia mchumba wake chumvi katika kahawa. Akiimaliza bila kukunja uso, basi ni mvumilivu. Kikombe chenye chumvi kilikuwa cha Mansour. Nilisahau kwamba kwetu sinia huanzia kwa mkubwa. Mzee Naseeb akachukua kile cha mbele, akapiga funda moja, akatema zuliani.
Mwanao

Tanga, 17 Februari

Nusaiba,
Natumaini u mzima. Sisi si Waturuki. Tamthilia hutengenezwa kuburudisha watu, si kuoza mabinti. Nenda kwa Mzee Naseeb ukaombe radhi, ili ndoa ifungwe baada ya Idi. Hilo ni agizo.
Baba yako

Johannesburg, 9 Machi

Shikamoo Baba,
Swaumu inakwendaje huko? Huku tunafunga salama.
Radhi nilimwomba palepale, nikalipangusa na zulia. Sirudii. Asubuhi ya siku ile nilimweleza Mansour mchezo wote kwa simu. Alicheka: "Tia hata vijiko viwili, nitakunywa!" Lakini mjomba wake aliponiita mchawi, yeye alikuwa ubavuni pake, akainamia simu yake. Neno moja tu lingetosha: "Alinieleza." Hakulisema. Simtaki, Baba. Ukiniamuru, itakuwa mara yangu ya kwanza kukuasi.
Mwanao

Tanga, 20 Machi

Binti yangu,
Marahaba. Tu wazima sote.
Barua ya posa nimeirudisha. Jana, baada ya Alasiri, walinijia wazee watatu.
"Mwalimu, unavunja posa kwa sababu ya chumvi?"
"Hapana. Binti yangu hamtaki."
"Hiyo tu? Huna sababu nyingine?"
Nikawauliza, "Ninyi mlitaka ngapi?"
Baba yako