Shangazi kalala chali

Jumamosi, mvua.

Kyela ikiamua kunyesha haina masihara. Tangu alfajiri mabati yanapigwa, barabara yetu ya Bondeni imegeuka mto, na mimi nimekuja hadi hapa kwenye intaneti kafe viatu mkononi, sketi imelowa hadi magotini. Habari hii nikikaa nayo mpaka Jumatatu nitapasuka.

Shangazi ni mzima!

Kwa mgeni wa blogu hii: Shangazi ni buibui. Si hawa wa kwenye pembe za dari. Ni yule mkubwa wa shimoni, mwenye manyoya, akikunjua miguu anajaa kiganja. Nilimkuta shambani kwetu Ipyana mvua za mwaka jana, shimo lake limejaa maji, naye kapanda juu ya ganda la kakao kama mtu aliyehamishwa kwa nguvu. Nikamleta nyumbani, nikampa kile kikabati cha kioo ambacho mama alikuwa anauzia maandazi. Mama hajanisamehe. Jina la Shangazi nilimpa kwa sababu anakaa kimya, anakutazama, na unajua kabisa anakusema moyoni.

Sasa, siku hizi za karibuni alikuwa hoi. Mende alikataa. Panzi alikataa. Kumbikumbi, ambao hata mimi nawapenda wakikaangwa kwa chumvi, aliwaacha wakampanda mgongoni. Rangi yake ikafifia ikawa ya vumbi, na akitembea anajikokota. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, muuzaji akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, dawa ya huyo ni kandambili."

Niliondoka zangu. Nina hasira za karibu, ningeanza nisingemaliza.

Jana mchana nimetoka kwenye meza yangu ya vitenge kwenda kula nyumbani, nikamkuta kalala chali. Miguu juu, imekunjamana.

Nililia. Naandika hivyo bila aibu, mtu mzima na akili zangu, nililia kwa sababu ya buibui. Mama akatoka jikoni mbio na mwiko, akidhani nimepigiwa simu ya msiba na ndugu zetu wa Malawi. Alipoona ni nini, nikasubiri aseme yale anayoyasema kila siku, kwamba mdudu huyu akifa tu, kikabati kinarudi kwenye maandazi.

Hakusema. Niliponyoosha mkono nimgeuze, angalau alale vizuri, mwiko ukatua kwenye vidole vyangu.

"Unamgusia nini? Kama amekufa, amekufa. Kama amelala, mtu haamshwi ili aulizwe amelalaje. Mwache. Akiamka ndiyo tutamwambia ugonile."

Kwa wasio wa huku: ugonile ndiyo salamu yetu Wanyakyusa, na maana yake ni hiyo hiyo, umelala? Mama husalimia hadi mbuzi wa jirani. Lakini Shangazi, mama hajawahi kumpa salamu hata siku moja.

Basi tukakaa. Mama akavuta kigoda, akavaa miwani yake ya kuchambulia mchele, akaweka ungo mapajani. Wafiwa wawili, maiti haijathibitishwa.

Halafu ubavu wa Shangazi ukapasuka!

Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Ngozi ilifunguka, na ndani yake akaanza kutoka Shangazi mwingine, taratibu, anachomoa miguu kama mtu anayevua soksi zilizolowa. Mchele haukuchambuliwa tena. Mama alikuwa ananong'ona, "Vuta, vuta," kama yuko wodi ya wazazi.

Kumbe hakuwa mgonjwa. Nguo ilikuwa imembana. Na ngozi ile mpya ilikuwa laini kama utando wa uji. Ningemgeuza kwa mkono wangu huu wa huruma, ningemuua.

Leo asubuhi tumemkuta amesimama. Mweusi, anang'aa, na meno yake bado meupe kama punje za mchele. Pembeni yake gamba la zamani, zima, na miguu yake yote, ungeapa ni buibui wa pili.

Mama akaja, akafuta kioo kwa pembe ya kitenge, akapiga goti kidogo, akasema kwa sauti yake ya kanisani:

"Mugonile."

Si ugonile. Mugonile. Hiyo huambiwa watu wawili au zaidi, au mmoja unayemheshimu kama mkubwa wako.

Njia nzima ya kuja hapa, maji yakinipita miguuni, nimekuwa najiuliza: mama aliona buibui wawili, au alimheshimu mmoja?

Sasa hivi ndiyo nimekumbuka. Alipopiga goti, alikuwa amevaa miwani.