Ini la Mchambuzi wa Miraa

Jumatatu, 4 Machi 2019

Tembe nane asubuhi, baada ya uji. Haya, nimeandika. Daktari Igoki alisema ninunue daftari, kila siku niandike dawa niliyomeza. Hakusema nisiandike mengine. Na Celina mke wangu hasomi Kiswahili hata akilipwa, Biblia yake ya Kimeru inamtosha. Kwa hivyo humu niko peke yangu.

Namba ya ini: 612. Ya mtu mwenye afya haipiti arobaini! Nilimwambia daktari labda mashine ya maabara imeharibika. Akaniambia nijitazame kwa kioo cha pale kwa sinki. Macho njano, kama kiini cha yai la kienyeji.

Ati mwili wangu wenyewe unalipiga vita ini langu. Bila kukosewa! Pombe sijaonja tangu nibatizwe. Akauliza, na miraa? Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mchambuzi wa miraa huko Maua, mwaka wa ishirini na saba huu. Hakucheka. Akasema hana hakika kama ndiyo iliyoanzisha, lakini inaweza kuchochea. Niiache. Sio nipunguze — niiache.

Niache miraa nikiwa Maua! Afadhali angeniambia niache kuvuta hewa.

Alhamisi, 7 Machi

Tembe nane. Siku ya nne bila miraa. Taya zinauma kwa kukosa kazi. Saa nne asubuhi nasinzia kama mlinzi. Nimenunua njugu. Natafuna njugu, nawaza miraa.

Pale sokoni wananiita Ulimi. Mkulima akileta mzigo, nachomoa kijiti kimoja, natafuna, nasema imevunwa lini na imelala wapi. Sikosei. Sasa Ulimi hatafuni! Leo nilisingizia jino. Nikapewa pole kumi na dawa za jino kumi na tano.

Banda ni la kaka yangu Nyamu. Nampenda, lakini namjua. Akisikia ini, mtu mwingine atakuwa amekalia kiti changu kabla ya chakula cha mchana. Celina peke yake ndiye anajua. Ameniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia kifo kingoje, nina kazi.

Jumatano, 20 Machi

388!!

Nilimshika daktari mkono mpaka akasema Baba Makandi, inatosha. Dawa inashika! Akaongeza kwamba safari bado ni ndefu. Sijali. Bandu bandu huisha gogo.

Nikiwa Meru nikapitia Kaaga kumwona binti yetu Makandi, anafundisha chekechea huko. Nikamwambia nimekuja kununua viatu. Viko wapi? Havikunitosha. Akanitazama vile mama yake hunitazama. Halafu akainama, akaanza kuchezea ufunguo — ana mtu. Anaitwa Ngari. Fundi wa umeme, kwao ni Kiambere. Mmbeere, si Mmeru! Watu wa asali na mbuzi. Lakini alivyolitaja hilo jina... sijamsikia akisema jina la mtu hivyo. Nikamwambia basi, alete ncoolo kama wanaume wote.

Nilikuwa nimefika stendi nilipojisikia nimesema nini. Ncoolo ndicho kile kitita cha heshima, miraa safi iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Na kwa ukoo wetu, baba ya msichana anakifungua mbele ya wazee na kutafuna kijiti cha kwanza. Akitafuna, amekubali. Asipotafuna, wageni wanachukua kofia zao.

Nimejikaanga mwenyewe, kwa mafuta yangu.

Jumamosi, 13 Aprili

Tembe tano sasa. Lakini njaa ya dawa hii! Jana githeri ya mahindi na maharagwe sahani tatu, halafu nikaenda kufunua sufuria ya kesho. Celina ameanza kuificha. Uso umekuwa mviringo. Watu barabarani: Mbaabu umenona, mambo yamekunyookea! Mgonjwa mimi, na ninasifiwa! Hata Nyamu ameuliza siku hizi nakula nini. Nikamwambia, amani.

Na leo niandike, hata kama hakuna wa kusoma. Kuna mkulima alileta giza, ile miraa nyeusi ya bei kubwa. Wote wakaningoja. Sikutafuna. Niliinusa. Nikakikunja kijiti kimoja karibu na sikio, nisikie kinavyovunjika. Nikasema hii ni ya juzi, imelazwa kwa gunia lenye maji. Akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake. Bibi yake akasema nyuma yake, si nilikuambia huyu atajua?

Banda zima lilicheka mpaka mizani ikatikisika. Ulimi bila ulimi! Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, 14 Mei

131. Daktari ameongeza dawa ya pili, ili hii ya kuvimbisha uso ipunguzwe pole pole.

Celina alinivuta hadi mlangoni penye mwanga, akanifunua kope kama mtu anayenunua ng'ombe. Meupe! Akasema, Baba Makandi, umerudi. Akalia. Mimi pia, kidogo. Kulikuwa na vumbi.

Jumapili, 23 Juni

Tembe mbili na ile nyingine moja. Karibu nianguke leo.

Baada ya kanisa rafiki yangu mmoja alinitia mkononi vijiti sita vibichi, vyekundu, bado vina umande. Nikafika navyo nyumbani. Nikakimenya kimoja. Harufu yake! Mate yalijaa mdomo, mkono ukapanda wenyewe. Nikakumbuka 612. Nikaenda zizini nikampa mbuzi vyote sita. Akala akinitazama, hana haraka. Mpaka sasa usiku namsikia akizunguka. Yeye ini lake ni zima, acha afurahie.

Ijumaa, 26 Julai

34.

Thelathini na nne! Chini ya arobaini! Mimi, Mbaabu, niliyekuwa na macho ya yai! Daktari Igoki aligeuza karatasi niione mwenyewe, akachora mstari chini yake kwa kalamu nyekundu. Nikamwomba achore wa pili. Akachora.

Halafu akarudi kwa ukali wake. Sijapona, nimetulia. Dawa ndiyo imelizuia ini lisiungue. Nikiiacha, au nikirudia miraa, yote yanaweza kurudi. Nitameza miaka, labda maisha. Nikasema hata mia mbili, daktari, ilimradi nazimeza nikiwa hai. Nikauliza kwa ujanja: na kijiti kimoja tu, kwa sababu ya sherehe? Akauliza hiyo sherehe ni ya ini ama ni yangu.

Nilinunua viatu, kweli safari hii. Kwa sababu wageni wa Makandi, akina Ngari, wanakuja kuposa tarehe kumi.

Nimemwambia Celina nitatafuna kidogo tu, niteme. Akasema: waambie watu wako ukweli. Nikasema Nyamu atanitoa kwa kiti. Akaendelea kuosha sufuria. Ameosha ile ile mara tatu.

Ijumaa, 9 Agosti

Makandi amefika. Amepiga nyumba deki mara mbili. Ameniuliza, baba, umempenda Ngari? Nikasema sijamwona. Akasema, lakini kesho utatafuna? Hivyo tu. Kama mtoto anayeuliza kama kesho kutakuwa na shule.

Nikasema, lala.

Jumamosi, 10 Agosti. Saa saba na nusu mchana. Chumbani

Naandika haraka. Wote wako nje.

Wageni walifika saa tano. Ngari ni kijana mrefu, ananyenyekea, shati limemshika shingo. Baba yake, Mzee Kivuti, ni mcheshi! Ameleta debe la asali ya Kiambere na mbuzi wawili wa kutazamwa. Tumekula. Tumesifu mbuzi. Mambo yakaenda kama maji.

Halafu Nyamu, msemaji wetu, akasimama na kuuliza kitita kiko wapi.

Mzee Kivuti akaingiza mkono kwa kikapu, anatabasamu, akatoa mfuko wa khaki. Akaufungua.

Muguka!

Ile miraa yao ya bei ya chini, majani matupu! Yamekwanyuliwa, hayana kijiti, hayana jani la mgomba, hayana kamba! Muguka, Maua, kwa boma la mchambuzi wa miraa! Naye maskini anasema ameyachuma mwenyewe alfajiri, kwa shamba lake, yale laini ya juu kabisa, hata jirani hakumpa. Kwao miraa ni hiyo. Hakuna aliyemwambia. Ngari ameona nyuso zetu, akamnong'oneza baba yake, na ule uso wa mzee ukaanguka.

Nyamu akafoka: mmekuja kuposa ama kututusi? Wazee wetu wakaanza kushika fimbo. Nyamu akanigeukia: ndugu yangu, waambie wewe! Ulimi hauwezi kuguswa na hiyo!

Na mimi — haki ya Mungu — nilifurahi. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Sentensi moja tu: sitafuni majani ya mbuzi. Wangenipigia makofi. Sitafuni, na hakuna wa kuuliza ni kwa nini, leo wala kesho. Siri imebaki, kiti kimebaki. Neno lilishafika kwa meno.

Nikamwona Makandi. Amesimama mlango wa jikoni, amejaza leso mdomoni ili asilie.

Nikasema: ngojeni, sijameza dawa yangu.

Ilitoka yenyewe. Na ni kweli, kwa pilkapilka za asubuhi nilisahau. Nyamu akauliza, dawa gani? Nikaingia ndani.

Sasa niko hapa kitandani na chupa zangu mbili, na karatasi ya daktari yenye mistari miwili myekundu. Nimeogopa nini miezi hii yote? Nilikuwa 612 nikasimama. Nikanusa miraa nikaijua. Nikampa mbuzi vijiti sita! Nitashindwa na Nyamu?

Sijameza. Nitamezea huko huko, mbele yao, na kijiko cha asali ya Mzee Kivuti. Nitawasomea namba zote, moja moja, kutoka juu hadi chini. Halafu nitasema: mfuko huu nimeupokea kwa mikono miwili, lakini ini langu halitafuni tena. Na baba ya msichana akiwa hawezi, kaka yake mkubwa anatafuna kwa niaba yake. Hiyo desturi sijui kama ipo. Itaanza leo.

Nyamu, kutafuna muguka! Hadharani! Nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Celina anagonga. Ati wageni wameanza kufungua mbuzi wao, wanataka kuondoka. Ati Ngari amekataa kuinuka kwa kiti.

Huyo ni wangu. Mwambie akae! Mwambie hao mbuzi wafungwe tena, natoka na chupa zangu mkononi.