Mkebe wa Grisi wa Shemeji

Likoni, Mombasa

Dada Mwanajuma,

Shikamoo dada. Natumai wewe na watoto hamjambo, na mama maumivu ya mguu yamempungua. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Mwandiko unisamehe, unajua shule niliachia wapi.

Barua yako imenifikia. Nilivyoisoma mara ya kwanza nilidhani sikuelewa, nikaisoma tena. Unasema nikubali zile risasi ni zangu, kwa kuwa mimi sina mke wala mtoto, na mumeo akifungwa wanao watakula nini. Dada, ungeniuliza kwanza ilikuwaje. Hukuniuliza. Basi nakwambia.

Shemeji Athumani alinipokea vizuri gerejini kwake, sitasema uongo. Alinilisha, akanifundisha kuweka bisibisi sikioni nisikilize mashine inaumwa wapi. Mbele ya watu akiniita Bwana Bubu, mafundi wanacheka na mimi nacheka nao. Kisha akaja tajiri mmoja na boti yake. Anasema ni ya kuwapeleka wageni kuvua samaki, lakini akataka mashine mbili kubwa, zile zikiwashwa mabati ya gereji yote yanatetemeka. Na gari lake tukalitoa injini, tukatia ya silinda sita. Nikamuuliza shemeji, samaki gani huyo wa kukimbizwa hivyo? Akasema, "Leo Bwana Bubu kanena. Paka grisi, mwanangu."

Grisi ni kazi ya mwanafunzi, fundi mkubwa hatii mkono. Mikebe yote nashika mimi, isipokuwa mmoja. Huo shemeji aliuleta mwenyewe, akaniambia ni wa tajiri, nisiufungue. Siku moja niliusogeza nifagie, nikaona uzito ule si wa grisi. Nikaurudisha pale pale. Nilimwamini, ni mume wa dada yangu.

Polisi walikuja mchana tunakula. Wakaenda moja kwa moja kwenye mkebe ule. Askari akazamisha mkono, akawa anatoa risasi moja baada ya moja, nene, ndefu kushinda kidole changu cha kati. Mkubwa wao akaifuta moja kwa tambara, akasema hizi ni magnamu, za kuangushia ndovu. Akauliza nani hapa anashika grisi. Mafundi wote wakanitazama mikono. Ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Mimi nikamtazama shemeji, nikajua sasa atasema. Naye akasema, akiwa bado na mkate mkononi:

"Ni huyu. Baba yake alikuwa akiwafuatia Wazungu nyayo za ndovu. Mambo haya wamezaliwa nayo."

Dada, baba aliacha kazi ile uwindaji ulipopigwa marufuku, akalima mpaka akafa. Wewe ndiye ulikuwa ukimpelekea uji shambani. Habari za baba na Wazungu, shemeji alizipata wapi kama si kwako? Ulimwambia mumeo hadithi za kwenu, si kosa. Yeye akaziweka akiba.

Sasa kaandikwa shahidi juu yangu. Na mimi nilikaa rumande hata Bi Rehema jirani akaja kunidhamini kwa hati ya kiwanja chake. Si damu yetu yule. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Nakuona kila siku. Wewe kijana unaamkia hata mbuzi wangu." Nililia, wallahi, na wewe unajua mimi si mtu wa kulia.

Nilikuwa nikingoja barua yako ije initetee. Shemeji nilimkasirikia, lakini kwako ndiko nilikovunjika.

Nisalimie mama, mpe pole ya mguu. Nisalimie mjomba Omari, mwambie asiuze jembe la baba. Wanao Fatuma na Salimu waambie mjomba wao anawakumbuka, na haya usiwaambie, bado wadogo.

Kortini nitasema mkebe aliuleta nani na nani alinikataza kuufungua. Sitamwongezea mumeo neno, na sitampunguzia. Watoto watakula, nikiachiwa nitawalisha mimi. Najua ukija utakaa upande wake, ni mumeo. Mimi nitakuja pale ulipokaa, nikuamkie mbele ya watu wote. Kama hutaniitikia, nitajua.

Mdogo wako,
Kombo